Baraza Lililozunguka Nyumba

Nilikuwa mwalimu wa hesabu, na kwa sababu hiyo niliona hakuna karatasi yenye namba iwezayo kunishinda. Watoto wangu wamekua wakinisikia nikisema kwamba bibi yao aliuawa na mvua. Uongo huo nimeusema mara nyingi mpaka umekuwa laini mdomoni. Sasa nimezeeka na sina wa kumwogopa, basi nauandika ukweli, ingawa najua kuandika ni rahisi kuliko kusema.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Ofisi ya mji ilikuwa ikigawa viwanja huku Temeke kwa watu wenye kazi za kudumu, yaani makarani, wanyapara wa bandarini na walimu kama mimi. Aliyepewa kiwanja alipewa na ramani ya nyumba, na sharti lilikuwa ajenge kwa matofali ya saruji na bati, vilevile kama ilivyochorwa. Mimi na mke wangu tulikuwa tumepanga chumba kimoja, mtoto wetu wa kwanza akilala miguuni petu. Huko bara nilikotoka, baba alikuwa ameshafariki na mama amebaki peke yake katika nyumba inayovuja. Nilikuwa nimeapa kwamba mama yangu atakufa akiwa na chumba chake mwenyewe. Kiapo hicho nilikitimiza.

Ramani ilikuwa karatasi mbili za buluu iliyokoza, mistari yake myeupe, zikinuka dawa. Kabla ya kumwonyesha fundi nilizunguka nazo shuleni juma zima. Walimu wenzangu walizikunjua, wakatikisa vichwa, wakazikunja. Hakuna aliyezielewa, na hakuna aliyesema hivyo. Nami nilitikisa kichwa pamoja nao.

Fundi wangu alikuwa jirani, mzee wa Kizaramo. Nusu ya nyumba za mtaa wetu aliziinua yeye, kwa miti, fito, udongo na makuti. Chumba hakukipima kwa futi, alikipima kwa vitanda: hiki cha vitanda viwili, hiki cha kitanda na sanduku. Nyumba za matofali alikuwa amejenga mbili tatu tu, tena chini ya wasimamizi waliomwambia weka hapa, weka pale. Hakujua kusoma na hakulificha hilo. Kichwa chake kilikuwa daftari tosha. Ukimwambia kipimo leo, mwakani atakurudishia hichohicho bila kukosea.

Tuliitandaza ramani mkekani, uwanjani mwa nyumba tuliyopanga, jioni moja baada ya sala ya alasiri. Mke wangu alikuwa ameketi pembeni akichagua mchele. Nilimwamkia mzee, akaitikia, kisha nikaanza kumsomea kwa sauti ileile niliyozoea kufundishia. Mistari miwili sambamba ni ukuta. Hii myembamba ni dirisha. Hapa penye upinde ni mlango. Yote hayo nilikuwa nimeyapata sawa.

"Upinde huu wa nini, mwalimu?"

"Ni njia ya mlango ukifunguka."

Mzee aliinama akautazama kwa muda. "Yaani kauchora hata mlango unavyotembea," akasema, akacheka kwa furaha, na mimi nikazidi kuvimba kichwa.

Kisha akaweka kidole kwenye mistari mingine. Nje ya kuta, umbali mdogo, nyumba nzima ilikuwa imezungukwa na mistari iliyokatikakatika, kama nguo iliyopigwa bandi kabla ya kushonwa. Akauliza ni nini. Sikujua. Mtu mwenye akili hapo angesema sijui, tukaenda ofisini siku ya pili, na habari hii nisingekuwa na sababu ya kuiandika. Mimi nikachukua ile karatasi ya pili, iliyoonyesha nyumba imekatwa katikati kama mkate. Chini ya ukuta niliona kitu kama ngazi moja kimejitokeza. Upana futi mbili, kimo futi moja na nusu. Juu yake ulipita mstari mrefu, nami nikaamua kwamba mstari huo ni sakafu ya nyumba.

Futi mbili kwa futi moja na nusu. Nani aliyekulia uswahilini, au hata aliyehamia kama mimi, asiyejua kitu cha kimo hicho kilichojengwa chini ya ukuta wa nje?

"Baraza," nikasema. "Baraza kuzunguka nyumba nzima."

Mzee alifurahi kupita kiasi. Yeye siku zote alijenga baraza la mbele tu, la wanaume kuzungumzia. "Kumbe nao wanajua kukaa," akasema. Halafu kidole chake kikarudi kwenye karatasi. "Mbona na ndani imo mistari hiyohiyo, mwalimu? Baraza chumbani kwa kulala?"

Nilipandwa na hasira, na hasira yangu siku hizo ilikuwa karibu. "Mzee, kati yangu na wewe nani aliyesoma?"

Mke wangu aliacha kuchagua mchele. Mtu niliyemwamkia shikamoo sasa hivi, mkubwa kuliko baba yangu, aliinamisha macho. "Wewe, mwalimu," akasema. Nikaamua kwamba mistari ya ndani ni ubao wa kuwekea vyombo, si lazima, tuuache. Akauliza swali moja tu tena, kwa sauti ya chini: msingi uchimbwe kiasi gani? Nikatafuta msingi kwenye karatasi zote mbili nisiuone, maana nilikuwa nimeshauita baraza. "Hawakuandika," nikamwambia. "Chimba kama siku zote."

Siku zote kwake ilikuwa nyumba ya miti, ambayo nguzo zake ndizo zinazoishika ardhi. Akachimba mfereji wa shibiri mbili akapanga matofali juu ya mchanga. Mkaguzi wa ofisi alitakiwa kuuona mfereji kabla ya tofali la kwanza. Tulimngoja siku tatu hakutokea, na likizo ya shule ilikuwa inakwisha. Nikamwambia mzee aendelee.

Nyumba ilipendeza, lazima niseme. Watu walikuja kutoka mitaa mingine kuliangalia lile baraza. Mama alipofika kutoka bara, hakuwa na la kuzungumza na majirani kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini alipata mahali pa kukaa. Asubuhi aliketi upande wa jua, mchana akahamia kwenye kivuli, jioni akawa nyuma karibu na jiko, akimenya mihogo na kumwimbia mjukuu wake nyimbo za kwetu. Aliniambia hajawahi kuona nyumba inayomkaribisha mtu pande zote. Nilifurahi kama mjinga.

Masika ya mwaka wa pili yakaja na maji mengi. Yalituama baina ya nyumba yetu na ya jirani, yakawa yanakula mchanga chini kwa chini. Ufa ukatokea ukutani chumbani kwa mama, mwembamba kama uzi. Mzee alikuja akauziba kwa saruji. Ukafunguka tena, akauziba tena. Mimi nilisema ni lipu tu.

Siku mvua ilipokatika, mama alitoka kuota jua barazani. Nilikuwa darasani. Ukuta haukutoa ishara yoyote, mke wangu alinisimulia. Ulikaa chini kwanza, kama mtu aliyechoka, kisha ukalala upande wa nje, juu ya baraza. Fundi ndiye aliyefika mbele ya wote. Aliyaondoa matofali kwa mikono mitupu, mpaka kucha mbili zikang'oka. Nilipofika alikuwa amemfunika mama kwa msuli wake, naye amesimama na kaptula, analia bila sauti mbele za watu.

Siku ya nne baada ya mazishi alikuja mkaguzi, Mzungu aliyesema Kiswahili cha kuamrisha. Akataka ramani, nikamletea. Akaitandaza juu ya kipande cha baraza kilichosalia, akamwita mzee, akamwekea kidole kwenye ile mistari.

"Hii mstari ya kukatika, maana yake kitu iko chini ya udongo. Macho haioni. Hii ndiyo msingi. Futi mbili upana. Iko wapi?"

Nilielewa papo hapo. Msingi hujitokeza nje na ndani ya ukuta, ndiyo maana mistari ilikuwa pande zote mbili. Ule mstari mrefu haukuwa sakafu, ulikuwa uso wa ardhi. Kila swali alilouliza mzee jioni ile lilikuwa la haki, na jibu lake lilikuwamo humo humo kwenye karatasi.

Mzee hakujitetea. Alinigeukia mimi, na sikuona lawama usoni mwake, alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. "Mwalimu, jambo la msingi ulinisomea?"

Mke wangu alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Mkaguzi alikuwa ameshika kalamu. Niliona darasa langu, niliona watu wote wa Temeke wakinong'ona kwamba mwalimu amemuua mama yake.

"Nilikusomea," nikasema.

Mzee aliendelea kunitazama kidogo, halafu kitu kikazimika machoni pake. "Basi nimesahau," akamwambia Mzungu. "Mwalimu kanisomea, mie ndiye niliyesahau. Uzee."

Ofisi ilimkataza kujenga nyumba za matofali. Hilo halikumuumiza sana, maana nyumba za miti zilikuwepo tele. Aliacha mwenyewe. Timazi na mwiko wake akawapa mafundi vijana, kwa sababu, alisema, kichwa kilichosahau msingi hakiaminiki hata kwenye banda la kuku. Nikawa namwona dukani akirudia kwa sauti vitu alivyotumwa na mkewe, chumvi, mafuta ya taa, kiberiti, mara tatu mara nne, akihesabu kwa vidole. Mtu yule aliyekuwa akibeba vipimo vya mtaa mzima kichwani. Mimi ndiye niliyemvunja, na nilimvunja kwa neno moja.

Mke wangu hakunisuta kamwe. Kabla ya hapo alizoea kunitania kwa kuniita mwalimu, hata tukiwa wawili. Tangu siku ile sikulisikia tena jina hilo kinywani mwake. Mimi nikanunua vitabu, nikajifunza ramani kwa hasira ya mtu anayejipiga, mpaka watu wakaanza kuniletea za kwao niwasomee. Nikawasomea bure. Wakanisifu, na kila sifa ilinichoma.

Waislamu wa mtaa wetu walikuwa na desturi ya kuombana radhi Ramadhani ikikaribia. Kila mwaka, mwezi ukiwa bado kuandama, mzee alikuja nyumbani kwangu akiwa amevaa kanzu safi, akakataa kiti, akasema, "Mwalimu, niwie radhi kwa lile la mama." Nami, Mkristo mwenye Biblia mezani, nikajibu kwamba nimemwia radhi. Mwaka wa kwanza nilidhani nitakufa kwa aibu. Mwaka wa tano nilijibu huku nikitafuta kofia yangu.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho alimtuma binti yake aniite. Safari hii nilikata shauri. Njiani niliyapanga maneno kama somo: kwamba sikumsomea msingi kwa kuwa sikuujua, kwamba nilidanganya, kwamba kichwa chake hakikuwahi kusahau kitu. Nilitaka aondoke duniani akikiamini tena kichwa chake. Sikutaka kingine.

Alikuwa amelala ubavu, amebaki mifupa. Wanawe wanne wa kiume walikuwa wamesimama ukutani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa midomo tu. Akanishika mkono, na vidole viwili vilikuwa havina kucha.

"Mwalimu, mie ndiyo naondoka. Mama yako nilimuua kwa kusahau. Niwie radhi ya mwisho, nisiende nalo."

Wanawe wote walinitazama. Nikafungua mdomo, na maneno yote niliyoyapanga njiani yalikuwa tayari ulimini.

"Nimekuwia radhi, mzee," nikasema.

Akafumba macho akashusha pumzi. Nilipotoka, wale vijana walinisindikiza mpaka barabarani, wakanipa mkono mmoja baada ya mwingine, wakanishukuru.