Taulo la Alhamisi Kuu

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, nazikumbuka kwa raba nyeupe nilizonunua Mpulungu, upande wa Zambia, nilikofuata bidhaa. Sisi wa Ufipa tumezoea baridi. Mimi, kwa ushamba, nikashinda na raba zile wiki nzima kwenye joto la ziwa, bila soksi, nisije nikaibiwa. Nikarudi kijijini kwetu Mwazye na fangasi mguu wa kushoto. Muuguzi akanipaka GV, ile dawa ya rangi, vidole vikawa zambarau.

Wiki hiyohiyo nikachaguliwa kati ya wanaume kumi na wawili wa kuoshwa miguu na padre, Alhamisi Kuu. Mama, marehemu sasa, alifurahi mno, nikashindwa kukataa. Tena padre wetu aliosha mguu wa kulia tu. Nikausugua huo kwa jiwe mpaka ukang'aa.

Nikakaa wa kwanza kwenye benchi, raba zionekane. Pembeni yangu akaketi Mzee Leonsi, baba wa Yustina, binti niliyekuwa nimemposa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Viatu vizuri."

Kumbe siku ile padre alikuwa mgeni. Akaniosha wa kulia, akasubiri.

"Na wa kushoto."

"Huo ni msafi, Padre."

"Bwana aliosha yote miwili."

Nikavua raba ya pili. Maji yakageuka zambarau. Taulo jeupe likabaki na alama za vidole vyangu vitano. Padre akasogea nalo kwa Mzee Leonsi. Mzee akalitazama, akanitazama, kisha taratibu akaanza kuvaa viatu vyake.