Friji Nililolichinja

Kisa hiki chanionyesha mpumbavu, lakini bora nikisimulie mwenyewe kabla dadangu hajakitia chumvi. Hata leo nikisikia harufu ya friji linaloyeyushwa, shavu langu la kushoto lawaka moto.

Letu lilikuwa la milango miwili, mmoja kando ya mwengine, kama kabati la nguo. Kichochoro kizima kiliweka nyama yake ya Idi humo. Basi barafu ikaota mpaka mlango ukakataa kufunga. Mama akalizima, akaniambia, "Naenda kumwita fundi. Usiliguse mpaka nirudi!"

Mie nangoja wapi! Nikachukua kisu cha nyama, nikaanza kuidunga ile barafu. Vipande vyaniruka machoni, vidole vyatoka damu, nami nacheka. Mara ndani kitu kikalia, "Ssssss!" Nikajua nyoka. Nikamdunga tena na tena, huku nikipiga mayowe, mpaka akanyamaza.

Mama akaingia na fundi. Ndara ilinifika usoni kabla ya salamu.

"Mwana laana we! Nyama za watu hizi! Nitawaambia nini?"

Akanipiga mpaka ndara ikakatika, akavua ya pili.

Fundi akalitazama tundu, akakitazama kisu, akanitazama mimi.

"Katoboa paipu, mama. Gesi yote imetoka. Hili halina uhai tena."

Kisha akaniinamia, taratibu kabisa.

"Na wewe, siku nyengine ukichinja, piga bismillahi kwanza."