Plagi Kumi na Moja

Karakana nzima ilimwita Mama Plagi, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mtunza stoo kwenye karakana ya milango na madirisha ya chuma, mwanamke mfupi mwenye aproni ya turubai na praizi mfukoni. Kila asubuhi, kabla mtu hajapewa drili wala grinda, yeye aliishika mashine ile kama mkunga ashikavyo kichanga: anaigeuza, anaitikisa, anapitisha kidole kwenye waya kuanzia kwenye plagi mpaka shingoni, pale waya unapoingilia ndani. Shingoni ndipo waya hufia. Watu wanabeba mashine kwa kuining'iniza, wanachomoa kwa kuvuta, halafu wanashangaa.

"Wewe ungebebwa kwa sikio ungefurahi?" alimuuliza mchomeleaji mmoja aliyepita mbele yake drili ikibembea kwenye waya.

Mchomeleaji huyo aliitwa Miwani, kwa sababu katika miaka tisa ya kuchomelea hajawahi kuvaa miwani hata siku moja.

"Mama Plagi, hii ni mashine, haina sikio."

"Na wewe unalo, lakini kazi yake siioni."

Mashine iliyomtia shaka hakubishana nayo wala na mwenyewe. Alitoa praizi, akaikata plagi, akaitumbukiza mfukoni, kisha akaifunga mashine kitambaa chekundu na kuitundika kwenye msumari wa mwisho stoo. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. "Sasa katumie," alikuwa akisema. "Ichomeke kwa meno." Plagi ilirudi siku mashine ilipopona. Kuna wiki mfuko wa aproni ulijaa mpaka akitembea anagongagonga kama mtu aliyebeba kokoto.

Asingekuwa mkali hivyo kama angekuwa na mume. Mumewe alikuwa fundi hapohapo. Siku moja ya mvua, sakafu imelowa, drili yenye mwili wa chuma ilimng'ang'ania. Wenzake wakamvuta kwa mikono, wawili wakatupwa chini, na mpaka mtu akumbuke kwamba kuna swichi kubwa ukutani, mambo yalikuwa yamekwisha. Bosi alifika msibani kavaa suti. Wiki ya tatu akamwita mjane ofisini na kumkabidhi funguo za stoo. Alipoteza mume, akapewa kufuli.

Kazi hiyo alijifunza kwa fundi umeme mmoja mzee aliyekuja wiki mbili kuvuta waya mpya za jengo. Alimfuata kama kivuli, akimshikia tochi. Mzee alimwambia mashine ya chuma ina nyaya tatu. Mbili zinafanya kazi kila siku, na huu wa tatu, wa kijani, hauna kazi yoyote mpaka siku ya kufa kwako. Siku umeme ukipotea njia na kuingia kwenye mwili wa mashine, wa kijani ndio unaouchukua na kuupeleka ardhini, na swichi ya usalama inajikata yenyewe. Ukikatika huo, umeme unapita kwako. Mjane aliuliza swali moja tu: ile drili iliyomuua mume wake, wa kijani ulikuwepo? Mzee akasema aliikagua. Ulikuwa umekunjwa nyuma na kufungwa kwa utepe wa gundi, kwa sababu plagi waliyoipata ilikuwa ya miguu miwili.

Tangu hapo hakumwonea mtu haya, hata shemeji yake.

Shemeji alikuwa mdogo wa marehemu, sasa msimamizi wa mafundi. Mtu wa maneno matamu na shati safi, mwenye kucheka kabla hujamaliza kusema. Walikaa nyumba moja: mama mkwe chumba cha mbele, shemeji na mkewe cha katikati, na yeye mjane chumba cha uani, alichoachiwa kwa heshima ya marehemu, na heshima hiyo alikumbushwa kila mara alipochelewa kufagia. Shemeji alikuwa na ufunguo wa pili wa stoo. Bosi alimpa, "kwa dharura". Kwenye karakana ile dharura ilikuwa kila siku baada ya saa nne asubuhi.

Juma la mambo haya, bosi alikuwa ameahidi madirisha ya jengo la ghorofa tatu na siku zilikuwa zimemwishia. Mvua ilikuwa inanyesha na bati lilivuja juu ya benchi la kutobolea, kama lilivyovuja miaka yote. Swichi ya usalama ilijikata mara tatu asubuhi moja. Bosi akapanda stuli mwenyewe, akaunganisha umeme pembeni ya swichi kwa kipande cha waya, isijikate tena. "Inatuchelewesha," akasema, akashuka akipangusa mikono.

Drili ya kutoboa fremu nene ilikuwa moja tu, kubwa, ya zamani, mwili wote chuma. Waliiita Fahali. Siku hiyo ya mvua Mama Plagi aliigusa kwa mgongo wa kidole, ikamwasha. Akachomoa, akaipeleka stoo, akafungua skrubu nne. Ndani kulijaa vumbi la chuma, akalipuliza. Kaboni za mota zilikuwa zimelika mpaka zimebaki kama ukucha. Hayo madogo. Shingoni ganda la waya mwekundu lilikuwa limepasuka na waya unalamba mwili wa mashine, na wa kijani umechomoka kwenye skrubu yake, unaning'inia bila kushika kitu.

Alikata plagi. Ilikuwa ya kumi na moja mfukoni.

Akaitundika Fahali na waya wake wote. Waya ule ulikuwa mnene, mlaini, mita tatu nzima, wa aina isiyopatikana siku hizi. Akajisemea atakata pale shingoni palipooza tu, aurudishe upya mwenyewe kesho. Kuutupa aliona uchungu. Akauviringa vizuri, akaufunga kitambaa chekundu.

Shemeji alimkuta akifunga mlango.

"Shemeji, nipe Fahali."

"Fahali mgonjwa."

"Anaumwa nini?"

"Anaumwa kile alichoumwa kaka yako."

Shemeji alicheka, lakini kidogo. "Wewe ungekuwa daktari wodi ingejaa wazima. Fremu arobaini zinanisubiri, bosi ananipumulia kisogoni."

"Mwambie apumulie huko bati linakovuja. Kesho mchana utaipata."

"Kesho bosi ataninyoa bila maji."

"Nywele zitaota nyingine. Vidole havioti."

Lori la vyuma lilipiga honi getini, naye akaenda kupokea mzigo. Alihesabu nondo na mabomba mvua ikimchuruzika shingoni. Ndipo akaisikia Fahali.

Alijua sauti ya kila mashine kama mama anavyojua kikohozi cha kila mwanawe. Mtu akitoboa, drili inawaka, inasimama, inawaka, inasimama. Anatoa kipande, anapumua, anaweka kingine. Hii haikusimama. Ilinguruma moja kwa moja, na hakuna aliyekuwa anapiga kelele.

Aliangusha karatasi za mzigo, akakimbia. Shemeji alikuwa benchini, magoti yamekunjika, meno nje, mikono miwili imeshika Fahali kama anaikumbatia. Miwani alikuwa ameshanyoosha mikono kumvuta.

"Usimguse! Usimguse, mjinga wewe!"

Hakwenda kwa shemeji. Alikwenda ukutani, akaishusha swichi kubwa kwa mikono miwili. Karakana ikazimika. Shemeji akaanguka kwenye maji. Yeye akapiga magoti juu yake na kumkandamiza kifua, akihesabu kwa sauti kama mwalimu wa darasa la kwanza, mpaka shemeji akakohoa na kutapika kwenye aproni.

Alipoinua macho aliona ekstensheni. Kwenye soketi, mahali pa plagi, kulikuwa na nyaya mbili zilizochunwa ncha, zimekazwa kwa njiti za kiberiti. Wa kijani ulikuwa umekunjwa nyuma, nadhifu kabisa, kwa utepe wa gundi.

Njiti za kiberiti. Walikuwa wakizitumia wote, tangu enzi za mumewe. Palipokosekana plagi pakatafutwa kiberiti. Na yeye miaka yote alikuwa anakata plagi akidhani anafunga mlango.

Shemeji alipona. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilibaki vimekunjamana kama vya kuku. Mama mkwe hakwenda mbali kutafuta maneno.

"Mkubwa alikufia mikononi mwa mashine," alimwambia mjane, akichambua mboga bila kumtazama. "Mdogo naye umemkatia plagi. Huna mwingine hapa, mwanangu. Wamekwisha."

"Mama, nimemtoa kwenye kifo."

"Aliyekutuma ukate ni nani?"

Ikaja habari kwamba afisa wa usalama kazini atafika kuchunguza. Akiona msimamizi alichukua mashine iliyokataliwa, msimamizi hana kazi. Akiona mtunza stoo alitoa mashine mbovu, mtunza stoo hana kazi. Njia ya tatu, ya bati na swichi, ilikuwa ya bosi, na hiyo watu waliizunguka kama shimo. Mjane alikwenda hospitali na chupa ya uji.

"Shemeji, wakikuuliza?"

"Nitasema ilivyokuwa." Alimshika mkono kwa ule mzima, na machozi yalimtoka, ya kweli, aliyaona. "Nilifungua stoo mwenyewe. Umeniokoa, shemeji. Mimi si mnyama."

Akarudi nyumbani moyo umetulia. Hilo ndilo alilokuja kujilaumia baadaye kuliko yote.

Afisa alifika na faili na viatu visivyopenda matope. Walikaa ofisini: bosi, shemeji na bandeji yake, mjane na aproni yake. Bati la juu ya benchi lilikuwa limezibwa siku mbili kabla. Kile kipande cha waya kwenye swichi kilikuwa kimeondolewa, na swichi imepanguswa inang'aa kama ya dukani.

"Mashine hii ilikuwa inafaa kutumika?" afisa aliuliza.

"Haikufaa," alisema mjane. "Niliikataa mimi. Ushahidi huu hapa." Akatia mkono mfukoni, akatoa plagi ya Fahali na kuiweka mezani, akajisikia amemaliza kesi.

Afisa aliigeuza kwa kalamu. "Ulikata wewe?"

"Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ruhusa? Mashine inaua."

"Nauliza ruhusa."

Bosi akakohoa kwa adabu. "Ana tabia hiyo, mheshimiwa. Tumemwonya kwa mdomo. Anaharibu vifaa."

"Lini umenionya wewe?"

"Mama, usipandishe sauti."

Afisa akamgeukia shemeji. Shemeji aliangalia bandeji, kisha bosi, kisha dirisha. Popote aliangalia isipokuwa upande mmoja.

"Niliikuta mashine benchini," alisema. "Haina plagi. Kazi inasubiri."

"Benchini?" mjane alisema. "Na kitambaa chekundu?"

"Sikuona kitambaa."

"Shemeji."

"Ungeiacha plagi yake," shemeji alisema, na hapo sauti ikampanda kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa, "ningechomeka kama binadamu. Ni wewe umenipeleka kwenye njiti."

Angeweza kumweleza afisa kwamba plagi isingemsaidia, maana wa kijani ulikuwa umekatika ndani. Ingekuwepo plagi, Fahali ingemng'ang'ania vilevile. Alianza kueleza. Afisa alikuwa ameshafunga faili. Lakini kilichomfunga mdomo si faili. Alikumbuka waya. Mita tatu za waya mzuri, alizoziviringa kwa mikono yake kwa kuwa aliona uchungu kuzitupa. Angekata shingoni, hata njiti zingekosa pa kushika. Hilo hakuna aliyemuuliza, na hakumwambia mtu.

Alipigwa kalamu siku hiyohiyo. Bosi alimtaka akabidhi funguo, praizi na aproni, "na plagi zote". Alizitoa moja moja akazipanga mezani, kumi na moja, kila moja akiitaja na ugonjwa wa mashine yake: hii ya grinda iliyovuliwa kava ili iingie diski kubwa, hii ya grinda inayonuka ikipata moto, hii ya ekstensheni waliyoitumia ikiwa imeviringwa mpaka ganda likayeyuka. Hakuna aliyeandika. Mafundi walikuwa mlangoni na bisibisi wanasubiri kuzirudisha.

Shemeji alikuwa wa mwisho kwenye mstari. "Nyumbani tutaongea," alimnong'oneza.

"Nyumbani kwa nani?" alimjibu. Chumba cha uani mama mkwe alikuwa ameshaagiza kiachwe kabla ya mwisho wa mwezi.

Alikuwa amefika getini Miwani alipomkimbilia.

"Mama Plagi! Fahali wamenipa mimi. Wamefunga plagi tu, ndani hawajafungua. Nifanyeje?"

"Kata waya. Kata shingoni, uutupe."

"Bosi atanifukuza."

"Atakufukuza ukiwa hai."

Miwani alicheka, maana alidhani ni utani wake wa kawaida, akarudi ndani akikwepa madimbwi. Mvua ilikuwa imeanza tena. Mjane alivuka barabara na kufuata ukuta wa karakana. Alikuwa katikati ya ukuta Fahali ilipowaka.

Mkono ulimwenda mfukoni kutafuta praizi, na hapakuwa na mfuko. Akasimama, akatega sikio. Ikanguruma. Ikanguruma. Ikasimama. Halafu ikawaka tena. Basi Miwani alikuwa bado anaweza kuiachia.

Akaendelea kutembea, taratibu, masikio yamebaki nyuma.