Fundi Aliyevaa Viatu vya Wateja

Chumba cha kazi cha fundi viatu huyu kiko kati ya duka la dawa na kinyozi. Rafu ya chini ni ya viatu vilivyosahauliwa. Mteja asiporudi mwaka mzima, jozi inakuwa ya fundi, na kwa miaka thelathini na moja hakuvaa nyingine. Mguu wake ni namba arobaini na tatu. Wasahaulifu wa mtaa huu wengi huvaa arobaini na moja.

"Ngozi inatanuka," alikuwa akisema. "Kiatu ni kama shemeji, mtazoeana tu."

Kwa wateja ni mtu mwingine kabisa. Hapimi mguu asubuhi, kwa sababu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Hapimi aliyekaa. Hupima miguu yote miwili, na mbele ya kidole kirefu huacha nafasi ya upana wa dole gumba. Kisha hukikunja kiatu mkononi: kikivunjikia katikati ya soli badala ya pale vidole vinapoanzia, hukiweka kando.

"Vidole vinataka kutandaa," huwaambia. "Ndivyo vinavyokusukuma mbele. Ukivibana, goti na kiuno vitafanya kazi isiyo yao."

Mganga hajigangi.

Tangu waoane, yeye na mkewe, mwalimu wa watoto wadogo, walitembea kila jioni hadi darajani na kurudi. Huko ndiko walikozungumza yale ambayo nyumbani yalikosa nafasi. Mwaka jana mwalimu alianza kwenda peke yake. Mara fundi amechoka, mara ana kazi, mara mawingu. Ukweli ni kwamba vidole vyake vilikuwa vimepandana, na kila hatua ilimchoma hadi gotini. Kwa fundi viatu, hiyo ni aibu isiyosemeka.

Jioni moja mkewe alisimama mlangoni mwa chumba cha kazi.

"Baba watoto, umelichoka daraja au umenichoka mimi?"

Fundi alivua kiatu, akamwonyesha mguu.

"Miguu ya mji mzima unaijua," mwalimu alisema. "Yako umemwachia nani?"

"Wewe."

"Usinichekeshe, nimekasirika. Simama."

Akatandika karatasi sakafuni, akapiga magoti na penseli.

"Usikunje vidole!"

"Sikunji, mke wangu. Ndivyo vilivyo."

Mwalimu aliichora sehemu ile polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtoto.

Viatu alivyojishonea fundi vilichukua wiki tatu. Alipojaribu kubania ngozi kwenye mguu wa kushoto, uliokuwa mrefu kidogo, mkewe alipima kwa dole gumba mbele ya kidole kirefu, pakakosa nafasi. Fundi alifumua, akaanza upya.

Vidole havikunyooka, na fundi hatarajii vinyooke. Lakini vimepata pa kukaa. Siku ya kwanza walifika kona tu, wakarudi. Wiki iliyofuata walivuka barabara kubwa. Daraja walilifikia mwezi wa pili wa matembezi, fundi akikanyaga kwa kisigino, kisha unyayo, kisha vidole, taratibu, kama mtu anayesoma kwa sauti.

Mwalimu aliegemea ukingo.

"Mbona kimya?"

"Nina maneno ya mwaka mzima. Sijui nianze na lipi."

"Anza na lolote," akamwambia, akimshika mkono. "Tuna njia nzima ya kurudi."