Toni Moja Chini

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika katika shule ya wasichana karibu na Marani nikiwa na barua ya ajira na matumaini makubwa. Chuoni nilikuwa soprano, yaani mwimbaji wa sauti ya juu kabisa ya kike, na nilidhani nimeajiriwa kuimba na kufundisha wengine kuimba. Mwalimu Mkuu, mama mpole ambaye hakupenda kurudia neno, aliisoma barua, akanipeleka ukumbini, akavuta shuka lililofunika piano.

"Wa kuimba tunaye," akasema. "Wewe utampigia."

Huyo wa kuimba alikuwa Mwalimu Kerubo, aliyefundisha upishi na ushonaji. Hakuwa amesomea muziki hata muhula mmoja. Aliingia saa sita mchana akijifuta unga mikononi, akaimba, na kabla hajafika ubeti wa pili nilijua kwamba hakuna atakayetaka kunisikia mimi katika shule ile. Sikumwambia kwamba naimba. Niliketi nikapiga.

Nyinyi mnaoanza kazi hii sasa mna simu zinazowapigia muziki, kwa hiyo nieleze. Msindikizaji ni mpiga piano anayekwenda pamoja na mwimbaji. Unatazama mabega yake. Yakiinuka anavuta pumzi, nawe unamngoja. Unakanyaga kanyagio la kulia ili sauti ziungane, unaliachia kabla hazijavurugana. Kigumu zaidi ni kuhamisha ufunguo. Wimbo umeandikwa juu, mwimbaji hafiki, basi unaupiga wote toni moja chini, yaani hatua moja nzima ya sauti, huku macho yakisoma nota zilezile za juu. Wengi huhitaji kuandika upya karatasi nzima. Mimi nilikuwa naushusha wimbo papo hapo. Kila Sabato niliwashushia akina mama wazee nyimbo za kanisani, na hawakujua kwamba kuna kilichobadilika.

Nilihamishiwa Magwagwa, Kerubo akapelekwa Nyamira mjini, nikadhani nimepumua. Lakini kila msimu wa tamasha la muziki alinitafuta. Afisa wa Elimu wa wakati huo aliwahi kumwagiza karani wake mbele yangu, nikiwa nimesimama pale pale mlangoni: "Ukishampata Kerubo, mtafute na yule mama wa piano." Miaka mingi nilikuwa yule mama wa piano. Watu walimpelekea Kerubo maua na kumwomba picha, mimi nikikusanya karatasi zangu. Sitasema nilizoea. Kila alipofika nota ya juu na watu wakashusha pumzi, mimi niliiimba kimoyomoyo, na kimoyomoyo niliimba vizuri kumshinda.

Ikabaki miezi michache nistaafu. Ukumbi wa zamani wa mawe mjini Kisii, uliojengwa enzi za wakoloni na kufungwa muda mrefu, ulikuwa umekarabatiwa. Afisa wa Utamaduni wa kaunti akaandaa onyesho la kuufungua, la nyimbo za kale za Ulaya kwa soprano na piano. Mabango yalibandikwa mji mzima hadi Nyanchwa. Picha ya Kerubo ilijaza bango. Chini iliandikwa: pamoja na piano. Nilisimama mbele ya bango lile kwenye ukuta wa duka la dawa nikalisoma mara tatu, nikitafuta jina langu.

Jumapili ya onyesho Kerubo alikuja na mafua. Kwenye chumba cha nyuma, watu wakiwa tayari wameketi, alinishika mkono.

"Moraa, ule wimbo wa mwisho sitafika juu. Nishushie toni moja."

"Bila karatasi iliyoandikwa siwezi," nikamwambia.

Ulikuwa uongo, nami niliusema bila kupepesa macho. Alinitazama kidogo, akaitikia sawa.

Nyimbo za kwanza zilikwenda vizuri. Wa mwisho ulikuwa wa Kiitaliano, na nota yake ya juu iko karibu na mwisho. Niliona mabega yakiinuka. Nikamngoja kama inavyopasa. Sauti ikapanda, ikakwaruza, ikakatika. Nililolitaka kwa miaka yote ile lilikuwa limetokea, na vidole vyangu vilikuwa baridi.

Kerubo hakukimbia. Aliwaomba watu radhi kwamba ana mafua, kisha akanigeukia, akasema kwa sauti iliyofika hadi viti vya nyuma:

"Mwalimu Moraa, tuanze tena. Toni moja chini."

Ningeweza kutikisa kichwa. Ningetikisa, uongo wangu ungesimama na yeye angeondoka na aibu yake. Watu wote walikuwa wakinitazama mimi, kwa mara ya kwanza. Nikaweka mikono toni moja chini, nikapiga. Sikukosea hata nota moja. Aliimba hadi mwisho, watu wakasimama, naye akanivuta nitoke nyuma ya piano niiname pamoja naye.

Nyuma ya jukwaa, tulipokuwa tukinywa chai, nilijaribu kueleza. Akanikatiza taratibu.

"Nilijua unaweza. Nilichokuwa sijui ni kama unanipenda au unanichukia."

Nikamwambia ukweli wote, kuanzia siku ile ya Marani. Kisha akauliza kwa nini sikuwahi kumwambia kwamba mimi pia naimba, maana kuna nyimbo nyingi za watu wawili, na yeye alizikosa miaka yote kwa kukosa mwenzake. Nilikuwa nakaribia miaka sitini na sauti yangu ilikuwa imekwisha bila mtu kuisikia.

Sasa nimestaafu, nachuma chai yangu na kufundisha watoto wawili watatu piano. Watu hutarajia niseme kwamba wivu uliniisha siku ile. Mwezi uliopita Kerubo aliimba tena katika ukumbi ule. Vidole vyangu vimeanza kukakamaa, kwa hiyo alipigiwa na kijana mmoja wa Nyamira, na jina la kijana lilikuwa kwenye bango, kubwa, kwa sababu Kerubo mwenyewe alisisitiza. Niliketi safu ya tatu nikitega sikio nipate makosa ya yule kijana tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Hayakuwepo. Watu wakasimama kupiga makofi. Nami nikasimama, nikachelewa kidogo.