Deraya ya Gyu-won

Pyo Mal-sun hakuwa mtu wa kutulia hata kabla mwanawe hajaenda jeshini. Huyu ni mwanamke aliyekaanga dagaa kwa mkono mmoja, akimfungia mteja maharage meusi kwa mkono wa pili, huku akigombana na muuza pweza wa meza ya jirani. Soko zima la Masan lilimwita Mama Gyu-won, na tangu Gyu-won apelekwe kule milima ya Inje, jina hilo lilimchoma kila alipoitwa.

Si kwamba kijana hakupiga simu. Alipiga kila jioni, wanajeshi waliporudishiwa simu zao. "Salama, mama. Nimekula. Usijali." Basi. Maneno yaleyale, sauti ileile, kama mtu anayesomeshwa tangazo. Mal-sun alimzaa na kumlea peke yake, akajua anafichwa jambo. Jambo gani? Hapo ndipo roho yake ilipokosa pa kukaa.

Alichoachiwa ni mchezo. Siku moja kabla ya kunyolewa nywele, Gyu-won aliweka kompyuta yake kwenye rafu ya kibanda, juu ya ndoo za kimchi, ile kabichi ya kuchachusha yenye pilipili, akamwonyesha shujaa wake: askari mwenye deraya ya fedha, anayeshuka shimo la mazimwi, ghorofa baada ya ghorofa. Alikuwa akimjenga tangu yuko sekondari.

"Ingia kila asubuhi, chukua zawadi, toka. Usishuke shimoni, mama. Akifa ndiyo amekufa, harudi."

"Kwani mimi mtoto?"

"Mama!"

"Nimesikia, bwana!"

Kusikia alisikia, lakini kuona mlango na kuacha kuchungulia ni kazi iliyomshinda tangu utotoni. Alishuka ghorofa moja, aone tu. Kesho yake mbili. Wenzake Gyu-won, wale wa ukoo wake wa mchezoni, walishtukia mapema kwamba shujaa huyu ana mtu mwingine ndani, maana alimwuliza kila mmoja kama amekula kabla ya kupigana. Wakampenda. Mkuu wa ukoo, dereva wa teksi wa Jeonju aitwaye Deok-bae, akawa anamwelekeza kwa sauti kupitia kompyuta. Mal-sun alidhani labda hawa wanajua yanayomsibu mwanawe. Hawakujua. Hata wao alikuwa amewaacha bila neno.

Asubuhi moja ukoo ukafika kwenye lango la barafu, ghorofa ya chini kabisa waliyopata kuiona. Lango lile halikuvunjwa ila na joka, na karatasi ya kugeuka joka ilikuwa kwenye mkoba wa Gyu-won peke yake.

"Haya mama, isome," Deok-bae akasema. "Lakini kwanza mvue deraya. Mvue kila kitu."

"Nimvue?"

"Joka ni kubwa, mama. Usipomvua..."

"We Deok-bae, huoni theluji inavyoanguka humu? Nimvue mtoto kwenye theluji?"

"Huyo si mtoto, mama, ni picha! Mvue!"

Mtu yeyote aliyewahi kushuka mashimo ya namna hii anajua: kabla ya kugeuka, vua. Hata vitoto vya darasa la pili vinajua. Lakini Mal-sun ndiye aliyemkimbiza Gyu-won hadi kituo cha basi na fulana za ndani za sufu, mwezi wa nne, maua yamekwisha kuchanua, kijana anakufa kwa aibu mbele ya wenzake. Mkono wake ukakataa katakata. Akajiambia itakuwa mara moja tu, atageuka, atavunja, atarudi. Akaisoma karatasi.

Shujaa akavimba. Shingo ikarefuka, mabawa yakachomoza, na deraya ikapasuka kama yai. Vipande vya fedha vikatawanyika juu ya theluji, vikafifia kimoja kimoja. Joka lilivunja lango vizuri, hilo tulipe haki yake. Kisha uchawi ukaisha, na pale katikati ya barafu pakabaki kijana mwembamba na chupi yake.

Deok-bae akakohoa. "Mama, mpandishe juu polepole. Sisi tutamzunguka."

Wakamrudisha mzima. Mal-sun hakupata afueni yoyote. Siku ile dagaa ziliungua, mizizi ya yungiyungi ilitiwa chumvi mara mbili, na kila dakika alisimama, akaketi, akasimama.

"Mama Gyu-won, umeibiwa?" muuza pweza akamtania.

"Kata pweza wako!"

Angeweza kunyamaza. Gyu-won asingejua mpaka likizo. Lakini yeye mwenyewe alidanganywa kila jioni na alijua inavyouma. Simu ilipolia hakumpa nafasi.

"Salama, mama. Nimekula. Usi..."

"Gyu-won, nimekupasulia deraya."

"Umefanya nini?"

Akamweleza yote: lango, theluji, karatasi. Na kijana yule mpole, ambaye hakupata kumpandishia mama yake sauti, akafoka mpaka simu ikakwaruza.

"Nilikwambia usishuke! Kitu kimoja nilikuomba, mama, kimoja tu! Kila kitu kinaniharibikia huku, nilibaki na hicho, na wewe nawe..." Akajikatiza.

Mal-sun akavua glavu zake za mpira.

"Kipi kingine kimeharibika, mwanangu?"

"Hakuna. Salama."

"Gyu-won."

Akasikia pumzi. Akasikia buti za watu zikipita, zikaenda mbali.

"Sili, mama," akasema Gyu-won, na sauti ikavunjika. "Chakula hakishuki kooni. Nimekudanganya. Silali, sili, kila asubuhi nikivaa zile nguo najiona si mimi, na sijui nimwambie nani."

Mteja akaja akaulizia bei ya dagaa. Mal-sun akamsukumia bakuli zima bila kumtazama, akaketi juu ya ndoo ya kimchi, simu imebanwa sikioni.

"Niambie mimi," akasema. "Anzia mwanzo, sina haraka."