Ripoti Zilizolingana na Kitabu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa brashi, mafuta ya taa na kitambaa cha pamba, nikaambiwa nisafishe meno ya mashine ya kuvuta chuma. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika chuo cha uhandisi kilichokuwa Changamwe, nyuma ya njia ya reli. Madirisha ya maabara hayakufungwa kamwe, na bado ikifika saa nne asubuhi shati lilikuwa limegandamana na mgongo. Mashine ilisimama katikati ya chumba, ndefu kuliko mtu, na juu yake ilikuwa na uso wa mviringo kama wa saa ya ukutani, wenye mishale miwili, mmoja mweusi na mmoja mwekundu.

Mkuu wa Maabara alikuwa mzee wa ukoo wa zamani wa Mvita, aliyehamia Kisauni. Alivaa koti jeupe la kazi na kofia ya vito, ile iliyodariziwa kwa mkono, na hakupandisha sauti hata siku moja. Alinieleza kwamba mashine hushika kipande cha chuma juu na chini, pampu husukuma mafuta, na kipande huvutwa mpaka kikatike. Mshale mweusi hupanda pamoja na nguvu, chuma kikikatika ukarudi sifuri. Mwekundu husukumwa na mweusi lakini haurudi. Hubaki pale nguvu ilipofikia kilele, hata kwa siku mbili, mpaka mtu aurudishe kwa mkono.

"Una mato, kijana?" aliniuliza, akigusa jicho lake kwa kidole.

"Ninayo, mzee."

"Basi yatumie. Usimuulize mtu mashine imesema nini. Nenda katezame mwenyewe, kisha uandike. Na ukisha kuandika usifute, hata ikikutia haya."

Nilifanya kazi chini yake miaka minne. Katikati nilipelekwa Nairobi kwa mafunzo, nikarudi na cheti, na yeye alipostaafu nikakabidhiwa kozi nzima ya maabara ya vifaa vya uhandisi kwa wanafunzi wa shahada, mwaka wa pili. Mwaka huohuo mashine ilivuja mafuta. Fundi wa nje aliifungua, akabadilisha kilichochakaa ndani ya ile saa, akaifunga. Ilinguruma vizuri kuliko kwanza. Niliridhika na mngurumo.

Kozi ilikuwa na majaribio manne. La kwanza kuvuta chuma. La pili kupima ugumu wake kwa kukikandamiza na kidude kidogo kigumu na kupima alama iliyoachwa. La tatu kukitazama kwa darubini baada ya kukisugua kwa msasa hadi king'ae kama kioo. La nne kukigonga kwa nyundo kubwa inayobembea, kwanza kikiwa na joto la kawaida, kisha kikiwa baridi sana, ili waone chuma kikipata baridi huvunjika kama kigae. Barafu ya jaribio hilo niliichukua kwa wauza samaki, na siku hiyo maabara nzima ilinuka samaki changu. Wanafunzi kutoka bara walifunga pua. Wa pwani waliuliza wali uko wapi.

Nilipenda kazi ile, na niliifanya kwa utaratibu. Ripoti ilipaswa kuwa na lengo, vifaa, njia, matokeo na hitimisho. Ukutani nilibandika jedwali kutoka kwenye kitabu cha kozi, lenye nguvu za vyuma vya kila aina. Kwa vipande tulivyotumia, vya unene wa milimita kumi, mshale ulitarajiwa kufika kilonewtoni thelathini na nne. Kilonewtoni moja ni karibu uzito wa gunia la mahindi. Ripoti ya thelathini na nne ilipata alama nzuri. Ya thelathini na tatu na nusu ilipata nzuri vilevile, maana nilijua kazi ya mikono haikosi tofauti ndogo. Nilijiona mtu wa haki.

Wanafunzi walikuwa na desturi yao. Ripoti za waliotangulia zilirithishwa kutoka darasa hadi darasa, na waliziita mjomba. "Una mjomba wa ugumu?" "Ninaye, lakini amechanika." Nililisikia neno hilo kila muhula na nililijua maana yake. Niliona ni utoto, wanaiga mpangilio tu na namna ya kuchora grafu.

Mashine kama ile inatakiwa ikaguliwe usahihi kila mwaka. Nilipoiombea ukaguzi mara ya kwanza, Mkuu wa Idara aliniita ofisini. Alikuwa mtu mrefu wa bara, mwepesi wa kucheka.

"Matokeo ya vijana yakoje?"

"Mazuri, mkuu. Yanalingana na kitabu."

"Sasa daktari wa nini, na mgonjwa anacheza mpira?"

Nilicheka naye. Mwaka uliofuata sikungoja kuulizwa. Katika ripoti yangu niliandika kwa mkono wangu kwamba matokeo ya wanafunzi yanathibitisha mashine iko sawa. Sentensi hiyo niliinakili kila mwaka bila kubadilisha hata koma.

Mwishoni mwa miaka ya themanini aliingia darasani Mwanasiti, binti wa wakulima wa Likoni. Alikuwa mfupi, na ili aufikie uso wa mashine alipanda juu ya kreti la soda. Alipima kila kitu mara tatu. Wenzake walipokuwa wamekwisha kunawa mikono, yeye bado alikuwa na maikromita, kile kifaa cha kupimia unene, akigeuza kipande na kuandika.

"Mwanasiti, shuka bwana, wengine tuna njaa!" alimpigia kelele Mutiso, mwenzake wa meza. "Mchukue mjomba umalize."

"Mjomba wako hakuvuta chuma hiki," alijibu bila kugeuka. "Nimekivuta mimi."

Ripoti yake ilisema ishirini na tisa. Nilimwita mbele ya darasa.

"Mwanasiti!"

"Abee, mwalimu."

"Ishirini na tisa, ndiyo nini hii?"

"Ndivyo ilivyosema, mwalimu."

"Wenzako wote wamepata thelathini na nne. Chuma ni kimoja, kimekatwa kwenye fimbo moja. Chako peke yako ndicho cha muhogo?"

Darasa lilicheka. Nilimweleza kwamba amekosea unene, maana kosa dogo la unene hukua katika hesabu. Nikamwamuru arudie. Alirudia, akapata ishirini na tisa. Nikamwamuru tena. Siku hiyo alibaki peke yake, nami nimekaa mezani kwangu nikisahihisha. Nilisikia chuma kikikatika, ule mlio kama wa mlango uliobamizwa. Akaja kusimama mbele yangu.

"Ishirini na nane na nusu, mwalimu. Mshale mwekundu sijaurudisha. Tafadhali njoo uutazame."

Kutoka mezani kwangu hadi kwenye mashine ni hatua kumi na mbili. Nazijua kwa sababu baadaye nilizihesabu. Mbele yangu nilikuwa na rundo la ripoti safi, zote zikisema thelathini na nne.

"Mashine hiyo nimeijua kabla wewe hujajua kusoma," nilimwambia. "Nenda kaandike ripoti upya. Ukiandika jambo la kueleweka, utafaulu."

"Niandike nini, mwalimu, na nimeona hiki?"

"Wewe ni msomi. Fikiri."

Aliandika ishirini na nane na nusu. Nikampa sifuri, na pembeni nikaweka maoni kwamba mwanafunzi hana umakini katika kusoma vipimo. Kanuni ya chuo ilikuwa wazi: mwenye sifuri katika jaribio lolote ameanguka kozi ya maabara, na aliyeanguka hurudia mwaka. Muhula ulipofunguliwa Mwanasiti hakurudi. Niliuliza mara moja tu, nikaambiwa amekaa kwao.

Ikapita miaka sita hivi. Alikuja Mkuu wa Idara mwingine, aliyetaka maabara ipime vyuma vya wajenzi wa nje. Kwa kazi hiyo cheti cha ukaguzi hakikwepeki. Akaja mkaguzi wa vipimo kutoka Nairobi na pete nene ya chuma ndani ya sanduku la mbao. Pete hiyo huwekwa kwenye mashine, na kwa jinsi inavyobonyea hujulikana nguvu halisi, mashine iseme itakavyo. Alifanya kazi asubuhi nzima. Kisha akafungua mgongo wa ile saa.

"Mwalimu, mashine hii inapunguza," alisema. "Ikiwa nguvu ni thelathini na nne, yeye asema ishirini na tisa. Humu mmetiwa springi isiyo yake."

"Tangu lini?"

Alinielekezea kurunzi ndani. Yule fundi wa nje alikuwa amekwaruza tarehe kwenye bati, kama mafundi wafanyavyo. Ilikuwa ya mwaka niliokabidhiwa kozi.

"Wanafunzi hawakulalamika?" aliuliza mkaguzi. Aliuliza kwa nia njema kabisa.

Alipokwenda kula, nilifungua kabati la ripoti. Nilizitoa za miaka yote, nikazipanga sakafuni darasa kwa darasa, nikapitia ukurasa wa matokeo peke yake. Thelathini na nne. Thelathini na tatu na nusu. Thelathini na nne na robo. Hakuna hata mmoja ambaye angeweza kuiona namba hiyo katika uso wa mashine ile. Katika mamia ya ripoti nilipata moja tu yenye kile ambacho mshale ulionyesha, nayo ilikuwa na sifuri yangu kwa wino mwekundu.

Nilimpelekea Mkuu wa Idara mpya ripoti hiyo. Aliisoma, akaiweka chini taratibu.

"Sasa unataka tufanyeje, mwalimu? Tuwaite wahandisi wote warudi wavute chuma tena?"

"Nataka yule binti arudishiwe mwaka wake."

"Tukimrudishia huyu, itabidi tueleze kwa nini. Tukieleza kwa nini, tutaulizwa habari za wengine." Akanitazama. "Umebakiza miaka mingapi?"

Nilimwambia.

"Basi springi imeshabadilishwa. Fundisha."

Nikafundisha. Hapa ndipo ninapojilaumu kuliko pale pa kwanza. Mara ya kwanza sikujua, ingawa ilikuwa kazi yangu kujua. Safari hii nilijua, na nilinyamaza mpaka mwisho wa utumishi wangu. Wiki ya mwisho ndipo nilipoandika rasmi kwa uongozi wa chuo. Jibu lilikuwa la mistari miwili: majalada ya zamani hayafunguliwi.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya tisini. Mwezi wa kwanza wa mapumziko nilivuka kwenda Likoni, nikauliza, nikaelekezwa hadi nyumba yenye cherehani mbili barazani. Mwanasiti alikuwa akimpima mwanamke nguo. Alizungusha utepe kiunoni, akaushika kwa kidole, akaita ndani: "Wifi, hebu njoo unisomee." Wifi yake akatoka, akasoma namba, akaandika, akarudi ndani. Kwa kila kipimo alimwita tena. Yule mteja alionekana amezoea.

Alinitambua mara moja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu nyumbani, yakanitoka bila mpangilio. Nilimwambia mashine ilikuwa mbovu. Nilimwambia ishirini na tisa ilikuwa ndiyo, kwamba alisoma sawasawa mara zote tatu. Alikaa kwenye kiti cha cherehani.

"Wasema kweli, mwalimu?"

"Wallahi."

"Basi na ile miwani yangu?" Alicheka, lakini macho hayakucheka. "Nilikwenda kwa daktari wa macho mwaka ule. Aliniambia sina neno. Nikamwambia huyu hajui kazi, mwalimu wangu asema sioni. Nikamlazimisha anipe miwani. Nimeivaa mpaka kichwa kikaniuma."

Nilimwomba msamaha. Akasema amenisamehe, kama watu wa kwetu wasemavyo kabla hawajafikiri. Kisha akafikiri.

"Na wenzangu, mashine iliwaambia nini?"

"Ishirini na tisa."

"Wakaandika?"

"Thelathini na nne."

"Nawe ukawapa ngapi?"

Aliuvingirisha utepe kidoleni, akauweka juu ya cherehani. Wifi yake alituletea chai. Tuliinywa tukizungumzia mvua, na nilipoaga alinisindikiza hadi barabarani kwa heshima ileile ya siku za darasani. Nilimuuliza kama angependa niendelee kuufuatilia mwaka wake chuoni. Alisema ana miaka kumi hajashika maikromita, niache.

Hilo sikuliacha, bado naandika, na bado majalada hayafunguliwi. Niliandika pia kwa wale waliofaulu, kila niliyepata anwani yake. Wapo wanaosimamia majengo, madaraja, matangi. Niliwaeleza habari za springi, na za msichana aliyeandika alichokiona, nikawaomba watie sahihi barua ya kumtetea. Wengi hawakujibu. Mmoja aliuliza kama cheti chake kiko salama. Sahihi nilipata moja, ya mhandisi wa darasa langu la pili, na chini yake alikuwa ameongeza maneno machache kwa mkono:

"Mwalimu, sote tuliuona ule mshale. Tulidhani nawe unauona."